Muulize Somo: Nataka akiba ya chakula ya miezi mitatu, mume wangu anasema ni ihtikari. Nifiche?

Assalaam alaykum Somo,

Naishi Wete na mume wangu, mavyaa (mama yake mume wangu) na watoto wanne, mkubwa ana miaka kumi na minne na mdogo mitatu. Watu saba chungu kimoja. Mume wangu ni baharia wa chombo cha mizigo baina ya Unguja na Pemba, na hulipwa kwa safari. Kusi likichafuka chombo hulala bandarini, naye hana malipo. Siku hizo hizo ndipo dukani bidhaa hupungua na bei hupanda. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia na safari za boti zikasitishwa, ndani nilikuwa na mchele wa siku mbili na mafuta nusu chupa. Hatukulala njaa, lakini tangu hapo nikiona ndoo ya mchele imefika chini moyo hunienda mbio.

Nimejipangia akiba ya miezi mitatu. Tunapika kilo mbili za mchele kwa siku, kilo na robo mchana na robo tatu usiku. Asubuhi ni chai na muhogo wa kuchemsha au mkate. Kwa hiyo nimeandika: mapolo manne ya mchele wa mapembe, unga wa ngano kilo 25, sukari kilo 25, dumu la mafuta la lita 20, maharagwe kilo 20. Polo la kilo 50 hapa kwetu nimeuziwa laki na ishirini. Orodha nzima inakwenda kama laki saba na nusu. Tuna upatu wa watu kumi, elfu sitini kila mwezi, na mwezi ujao ni zamu yangu: laki sita. Kinachopungua ningeuza kitenge kimoja kimoja.

Tatizo la kwanza ni kwamba mwaka jana nilishajaribu nikashindwa. Nilinunua mapolo mawili, nikayaweka chumba cha uani kinachopakana na jiko, chini sakafuni, yameegemea ukuta. Mwezi wa pili yakajaa fukusi. Polo la chini lilikuwa limeshikana mabonge na linanuka ukungu. Nikaanika kwenye jamvi la karafuu, nikapepeta, nikaosha mara tatu. Mengine tulikula, mabonge nikawapa kuku, na bado lipo fungu nusu ndoo. Muuza duka akaniambia mara nyingine nitie vidonge vya dawa ya ghala ndani ya polo, viwili tu, nifunge.

Tatizo la pili ni mume wangu. Hataki kabisa. Anasema pesa mkononi ni bora kuliko mchele chini ya kitanda, kwamba mtu anayerundika chakula anafanya ihtikari, yaani kuhodhi kunakokatazwa na dini, na kwamba jirani wakijua watakuja kuazima mpaka kiishe. Mavyaa naye, anayezikumbuka foleni za mchele za miaka ya 1970, anasema mwenye kuweka huliwa na panya. Sasa nafikiria kupokea upatu, ninunue kimya kimya, nikaweke kwa mama yangu Konde, tuna nusu eka pale na nyumba ina nafasi. Mume wangu asijue mpaka siku ya haja, ndipo aone faida yake.

Nifiche, Somo? Vile vidonge nitie? Na lile fungu la mchele wa ukungu bado linafaa kwa kuku?

Mama wa Chumba cha Uani, Wete

SOMO ANAJIBU

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Barua yako ina mambo mawili yaliyosukana kama nyavu mbili ndani ya dau moja. Moja ni namna ya kuweka chakula kisiharibike katika kisiwa chenye unyevu wa bahari mwaka mzima. La pili ni namna ya kuweka siri ndani ya nyumba ya watu wazima watatu. Nitayafumua moja moja, lakini naanza na vidonge, maana hilo halina mashauri.

Usitie. Vidonge vile hutengenezwa kwa alumini fosfaidi. Vikikutana na unyevu wa hewa tu hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo haichagui baina ya fukusi na mtoto wa miaka mitatu. Ni dawa ya ghala lisilolaliwa na watu, linalozibwa na mtu aliyefundishwa, kisha likafunguliwa na kupigwa hewa kabla ya mtu kuingia. Chumba cha uani kilichopakana na jiko si ghala. Kama umeshavinunua, visikae ndani ya nyumba, usivimwagie maji na usivitupe kisimani wala chooni. Muulize bwana shamba wa wilaya vikabidhiwe wapi.

Sasa tuangalie ule mchele wa mwaka jana, kwa sababu naona umejibebesha lawama isiyo yako. Fukusi hawakuingia chumbani kwako, walikuja na polo. Jike hutoboa punje, hutaga yai ndani yake na kuziba tundu, wewe huoni kitu. Katika joto letu yai huwa fukusi kamili kwa muda wa kama mwezi, naye anataga tena. Ndiyo maana mwezi wa kwanza uliona mchele safi na wa pili ukaona mji mzima. Ukungu nao ulitoka chini: sakafu ya saruji hunyonya maji ya ardhini na kutoa jasho, ukuta wa nje hupoa usiku, na mvuke wa jiko ukatua hapo hapo. Uliweka chakula kizuri pahala pabaya. Hilo lina dawa, na si ghali.

Lakini kabla ya dawa, nikuulize: miezi mitatu umeipata wapi? Sikupingi. Nataka uitazame hofu yako vipande vipande. Boti zikisitishwa kwa upepo, ni suala la siku, zikizidi sana wiki. Mume akikosa safari, mishahara hukatika wiki kadhaa lakini maduka yana vitu. Bei ya Ramadhani unaijua mwaka mzima kabla haijafika. Na ugonjwa wa mwenye kuchuma, Mungu aepushe, unaweza kuzidi miezi yote mitatu, na hapo mchele hautalipa dawa. Kila moja ya hizo inataka akiba ya namna yake. Polo nne ni jibu moja kwa maswali manne.

Hata hesabu yenyewe irudie. Kilo mbili kwa siku ni kipimo cha siku za neema, ukiwa na muhogo asubuhi, mkate, samaki, nazi. Siku ya shida hivyo ndivyo vinavyotoweka mwanzo, na sufuria ya wali ndiyo inayotakiwa kuziba pengo. Kipimo cha watu wa misaada ni wastani wa kalori 2,100 kwa mtu kwa siku, wakubwa na wadogo wakichanganywa. Gramu 400 za mchele, gramu 60 za maharagwe au choroko na gramu 25 za mafuta humfikisha mtu kama 1,850, kinachobaki hutoka kwenye nazi, muhogo au sukari kidogo. Kwa watu wako saba ni mchele kilo 2.8 kwa siku, kunde za aina yoyote gramu 420, mafuta gramu 175. Kwa wiki mbili: mchele kilo 39, kunde kilo 6, mafuta lita 3. Kwa mwezi: mchele kilo 84, kunde kilo 12 na nusu, mafuta lita 6. Na kwa miezi mitatu mchele ni kilo 252, polo tano na kidogo. Kwa hiyo zile nne zako, pamoja na ukubwa wake, zisingefika.

Tena orodha yako haina chumvi. Haina kiberiti, haina mkaa, haina maji. Kilo moja ya chumvi inawatosha nyote mwezi, ni rahisi na haiozi, sijui kwa nini sote tunaisahau. Sukari kilo 25 ningeipunguza sana. Hukuandika kama mavyaa ana maradhi ya sukari, lakini kwa umri wake uliza na upime, maana akiba ya wali na sukari tupu kwa mgonjwa wa sukari ni balaa jingine. Kama yupo mtu anayekunywa dawa kila siku, vidonge vya wiki mbili za ziada viwe sehemu ya akiba, na tarehe yake iandikwe kama ya chakula.

Maharagwe nayo yana jambo. Yakikaa mwaka katika joto na unyevu hugoma kuiva, utachoma mkaa mpaka usiku na bado yanakatika jinoni kama kokoto. Choroko zilizolowekwa usiku huiva chini ya saa moja, adesi hazitaki hata kulowekwa. Kwa akiba ya siku ya shida, moto mdogo ni sehemu ya bei. Makumbi na vifuu vya nazi usivitupe, vikaushwe na kuwekwa juu mahali pakavu, ni moto wa bure ambao siku ya mtungi wa gesi kuisha utauona thamani yake. Maji, kwa kunywa na kupikia tu, hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku. Siku tatu ni lita 105, yaani madumu matano ya lita 20 na kidogo. Kama ni ya kisimani, vidonge vya kusafishia maji vinavyouzwa madukani vingi vyake ni kimoja kwa lita 20 na kusubiri nusu saa, lakini soma pakiti yako.

Haya, namna ya kuweka. Mchele ukifika nyumbani usiuache ndani ya polo la kufumwa, lile linapumua. Kwanza upime ukavu wake. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mchele theluthi moja, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funika, tikisa dakika chache kisha iache robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mchele una maji mengi na ukiufunga utaoza. Ikidondoka yote chini, endelea. Ikishika, tandaza mchele tabaka jembamba la vidole viwili juani kuanzia saa nne mpaka saa tisa, ugeuze geuze. Lakini, na hapa ndipo wengi huharibu, usiufunge ukiwa na joto. Uache kivulini mpaka upoe, la sivyo utatoa jasho ndani ya chombo na umeufungia maji uliyotoka kuyafukuza.

Chombo cha bei nafuu kuliko vyote kipo kwenye majaa: chupa za maji za lita moja na nusu. Moja huchukua kama kilo moja na robo ya mchele ukiigonga gonga chini ili punje zishikane. Ioshe, igeuze kichwa chini siku tatu, tone moja la maji likibaki ni ukungu. Kata chupa nyingine nusu uitumie kama faneli. Ijaze mpaka mdomoni, usiache nafasi ya hewa, kaza kifuniko, zungusha selotepu, andika tarehe. Fukusi walio ndani watatumia ile hewa kidogo iliyobaki, ikiisha nao wanaisha. Ila usiifungue fungue kutazama! Ukiifungua umewapa pumzi upya. Iache miezi miwili bila kuigusa. Chupa 32 ni mchele wenu wa wiki mbili, na uzuri wake ni kwamba moja ikiharibika umepoteza kilo moja, hukupoteza polo.

Madumu ya mafuta ya kula ya lita 20 pia yanafaa, huchukua kama kilo 16, lakini yaoshwe kwa maji moto na sabuni mpaka harufu ya mafuta iishe. Ndoo zilizokuwa na rangi ya kupaka usitumie hata ziwe nzuri vipi. Ipo pia mifuko ya tabaka tatu, ya plastiki mbili ndani na polo la nje, iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde za wakulima wa Cameroon. Inafanya kazi kweli, ila panya akiitoboa kazi imekwisha, na ukiifungua kila siku kuchota kibaba inakuwa polo la kawaida. Hiyo ni ya kufunga na kusahau. Wapo watakaokwambia utie majani ya mwarobaini, pilipili kavu au karafuu. Harufu huweza kumchelewesha mdudu anayetoka nje, aliyemo ndani ya punje haimuui. Karafuu tunazo, lakini mchele utanuka pilau miezi mitatu kabla ya pilau.

Chumba cha uani si lazima ukihame. Weka chaga la mbao, juu ya sakafu kiasi cha shibiri moja, na umbali wa kama mkono kutoka ukutani ili hewa ipite na uone kinyesi cha panya mapema. Upande wa mbali na jiko. Chupa zikikaa ndani ya pipa la bati lenye kifuniko, panya atazunguka bure.

Vyakula vingine havina subira ya mchele. Unga wa ngano ni wa mwezi mmoja, ukizidi unapata vidudu vyekundu na harufu ya kale. Unga wa dona una kiini chenye mafuta na huchacha haraka kuliko sembe. Dumu la lita 20 la mafuta likifunguliwa leo, linakula hewa miezi yote mitatu, afadhali chupa ndogo ndogo zilizofungwa na kuwekwa gizani. Mafuta ya nazi yaliyopikwa mpaka maji yakaisha kabisa hustahamili kuliko mengi. Kitoweo kikavu, papa wa chumvi, ng'onda na dagaa, kwetu hunyonya unyevu hata kikiwa kimefungwa vibaya kidogo tu. Kihesabie mwezi mmoja au miwili, ukianike tena jua likitoka, na ukiona unga unga chini yake kuna wadudu. Friji isiwe ghala lako. Pemba umeme unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na wenzetu wa Unguja waya wao ulipoharibika, Desemba 2009, walikaa gizani mpaka Machi 2010.

Na Konde umeitaja kama maficho, mimi naiona kama ghala. Nusu eka ya muhogo uliopandwa kwa zamu, fungu moja vuli na jingine masika, ni akiba isiyotaka dumu wala pipa: muhogo hukaa ardhini mpaka utakapouhitaji. Una mipaka yake, ukizidi mwaka na nusu unakuwa mti, na shamba linalotuama maji huozesha mizizi. Ugonjwa wa michirizi kahawia nao huozesha kiazi huku majani yakidanganya, kwa hivyo tafuta mbegu stahamilivu. Mbegu ziitwazo Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui zilitolewa hapa hapa Zanzibar mwaka 2007. Ukivuna mwingi fanya makopa: menya, kata vipande vyembamba, anika mpaka kipande kikivunjwa kilie. Muhogo mchungu usiufanye hivyo moja kwa moja. Una sumu, uloweke siku tatu nne ulainike kwanza, maana jua peke yake haliitoi yote.

Sasa mume wako. Nimesoma maneno yake mara mbili, na sikuona mtu asiyejali. Nimeona mtu anayeogopa kitu tofauti na unachokiogopa wewe. Wewe unaogopa ndoo tupu, yeye anaogopa mfuko mtupu. Kuna haki kwenye neno lake: mchele haununui dawa, haulipi nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Na kuna haki kwenye lako: upepo ule ule unaomlaza chombo chake ndio unaopandisha bei, kwa hiyo pesa yake hupungua nguvu siku ile ile inayohitajika. Hebu fikiri kama laki sita lazima iwe ya upande mmoja. Kwa bei uliyoitaja, mchele wa wiki mbili ni kama elfu tisini na sita. Ukiongeza choroko, mafuta, chumvi na kiberiti, bado hujafika laki na nusu. Inabaki laki nne na nusu. Huenda mtu anayekataa polo nne asikatae chupa thelathini na mbili. Huenda akakataa pia, sikuahidi.

Hilo la ihtikari mwulizeni sheikh mnayemwamini nyote wawili, lisiamuliwe kwenye ugomvi. Ninachojua ni kwamba watu wa elimu hutofautisha kukusanya ili bei ipande uuze, na kuweka riziki ya watu wako. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, aliwawekea Wamisri ngano miaka saba, tena ikiwa ndani ya mashuke yake. Lakini wakati nao una neno: ukinunua mapolo matano duka la mtaa wiki ya mwisho ya Shaaban, jirani yako atakosa. Ukinunua kilo tano tano meli zikiwa zimeshusha, au mtaani pesa za karafuu zikiwa zinazunguka na maduka yamejaa, humpunguzii mtu.

Kuficha je? Sitakwambia usifiche, wala sitakubariki. Nikuwekee tu kilichomo ndani. Siri ya Konde inakupa amani ya kuanza bila maneno, na chakula kilichogawika nyumba mbili hakipotei chote kwa moto au panya mmoja. Lakini siku ya upepo mkali utakitoaje Konde? Na chakula kisichozungushwa huoza: cha zamani kinatakiwa kuliwa na kipya kuingia mahali pake kila mwezi. Utakizungushaje kwa siri, ukirudi kila mwezi na chupa kumi kutoka kwa mama? Mama yako naye unamtia ndani ya jambo baina yako na mumeo. Na unaposema ataona faida siku ya haja, jiulize kama siku hiyo, akiwa hana safari na hana pesa, ataona kwanza mchele au ataona kwanza laki sita asizoambiwa. Wewe unamjua, mimi simjui.

Ipo njia ya kati, nayo ina kasoro zake: kumwambia lakini kuanza kwa kidogo asichoweza kukiita ghala. Chupa mbili kila wiki kutoka matumizi ya kawaida, upatu usiguswe kwanza. Ni pole pole, itakuchukua miezi minne kufika wiki mbili, na kusi linaweza kukukuta njiani. Au yeye mwenyewe apewe kazi: mtu wa mizigo anajua kuliko sisi polo lililolowa linavyonuka, mwache atikise ile chupa ya chumvi.

Kuhusu jirani, hapo mume wako amesema kweli tupu. Watakuja, na katika mtaa wetu hutamnyima mtu kibaba huku pipa limejaa, wala nisingependa umnyime. Basi wahesabu tangu mwanzo. Chupa nne au tano ziwe za kuazimwa, unajua mwenyewe. Anayekuja unampa chupa moja iliyofungwa. Inamtosha mlo, haikuachi ukichota mbele yake akaona kilichobaki. Mavyaa akiwa ndiye mwenye kuzitoa hizo, nadhani hata lile neno la panya litapungua.

Na lile fungu la nusu ndoo: usiwape kuku. Mchele ulioota ukungu unaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haitoki kwa kuosha, kuanika wala kupika. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Mahindi na karanga ndivyo vinavyoongoza kwa hilo, mchele uliokobolewa una afadhali, lakini mabonge yanayonuka hayana afadhali yoyote. Kuku nao huiugua, vifaranga kabla ya wakubwa. Chimba shimo mbali na kisima ufukie, na ndoo yenyewe ioshe kwa maji moto na uikaushe juani kabla ya kutia kitu kingine.

Somo